Vibao Vinne vya Ukuta Usiojengwa

Chaman Mistri amechonga majina ya watu kwenye shaba kwa miaka hamsini na saba. Amechonga ya madaktari na mawakili, ya wafu na ya mbwa, na moja la kasuku aliyekufa Wembley akaliliwa kuliko baba wa watu. Kazi yake haikuwahi kumuaibisha. Ni ukuta wa mafuriko ndio uliomuaibisha, tena mbele ya mke wake.

Nyumba yao iko Neasden, upande wa chini, ile ya mwisho kabisa kabla barabara haijakutana na kijito. Kijito chenyewe siku za kawaida huwezi kukiita mto bila kuona haya: maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, bata wawili, na toroli la supamaketi lililozama tangu lini sijui. Chaman ni wa Kisumu na Rupa ni wa Mwanza. Walipoinunua nyumba hiyo mwaka wa sabini na tisa, Rupa alisema akilala usiku anasikia maji kama kwao. Msicheke. Watu wawili wa ziwani walikwenda kununua nyumba ya London kwa sababu ya sauti ya maji.

Nyumbani kwao Kigujarati ni lugha ya chakula na sala, Kiingereza ni lugha ya barua za serikali, na Kiswahili ni lugha ya kugombana. Ilianza zamani, binti yao Bhavini alipokuwa mdogo. Hawakutaka asikie maneno makali, basi kila walipotaka kurushiana maneno wakahamia Kiswahili. Bhavini sasa ana miaka arobaini na mitano na anafundisha shule huko Leicester, na bado akimsikia mama yake anasema "Hebu nisikilize, Baba Bhavini," huchukua chai yake akatoka chumbani.

Maji yaliingia mara ya kwanza Julai ya mwaka elfu mbili na ishirini na moja. Mvua ya mwezi mzima ilimwagika kwa saa moja na nusu. Kijito kikapanda bustani, kikafika mlango wa nyuma, na hakikungoja kukaribishwa. Saa kumi za jioni Chaman alikuwa amesimama sebuleni, maji magotini, ameinua mashine yake ya kuchongea juu ya kichwa, na Rupa yuko kwenye ngazi anamwambia aache uzuzu, aiweke hiyo mashine apande juu. Maji yalikaa siku mbili. Yalipoondoka yaliacha kuvu kwenye kuta. Wakapaka rangi, kuvu likarudi. Wakapaka tena, likarudi tena na ndugu zake. Kisha kifua cha Rupa kikaanza.

Halmashauri ikawatumia mhandisi wa mifereji, mama mmoja aitwaye Lorraine, mzaliwa wa Lewisham, mwenye buti za mpira za kijani na mdomo usiojua kuremba. Aliwaketisha akawaeleza. Alisema mvua hizi sizo zile za zamani. Dunia imepata joto, mawingu yanabeba maji kupita kiasi, na yakiamua kuyatua yanayatua yote mahali pamoja, ilhali mifereji ya mji huu ilichimbwa kwa mvua za wakati wa mababu. Dawa ipo. Utajengwa ukuta upande wa kijito, na kule juu, kwenye kiwanja cha mpira, litachimbwa bonde la kupokea maji. Michoro imekamilika, fedha zimetengwa, wakazi wa mtaa wamekubali. Kimebaki kitu kimoja tu, sahihi ya waziri.

"Sahihi moja?" Chaman akauliza.

"Moja," Lorraine akasema. "Akishasaini, baada ya miezi minane mna ukuta."

Chaman akafurahi, kwa sababu kama kilichobaki ni sahihi ya mkubwa, yeye alijua la kufanya. Alilirithi kwa baba yake. Marehemu baba yake alikuwa mchonga mawe ya msingi Kisumu, na alikuwa na imani yake: mkubwa akishaona jina lake limechongwa, hawezi kurudi nyuma, aibu itamsukuma. Basi mzee alikuwa akichonga kibao mapema, kabla hata ya kuombwa, jina na cheo na tarehe, kisha anakipeleka ofisini kwa mheshimiwa kimefungwa kwa kitambaa chekundu. Mheshimiwa anakifungua, anajiona anang'aa, na siku ya tatu lori la mawe linafika. Shule moja ilijengwa hivyo, na zahanati mbili. Chaman alikuwa na miaka kumi na tisa alipopanda ndege kuja London mwaka wa sitini na nane, na patasi za baba yake zilikuwa kwenye sanduku pamoja na imani hiyo.

Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka wa ishirini na mbili alinunua shaba safi, akachonga kwa mkono wala si kwa mashine: ukuta huu umefunguliwa rasmi na Mheshimiwa fulani, Waziri. Akakipiga picha, akamtumia Lorraine. Lorraine akacheka mpaka machozi, akasema basi nitaiambatisha kwenye faili, haidhuru kitu. Jibu likatoka wizarani kwamba waziri amependezwa sana, atasaini wiki ya kwanza ya Julai, na atakuja mwenyewe kuona.

Wiki ya kwanza ya Julai mawaziri wa Uingereza walianza kujiuzulu. Mnaikumbuka. Mmoja alitoka jioni, asubuhi wakatoka watatu, mchana wakawa hawahesabiki, wa kwao akiwemo. Chaman alikaa mbele ya televisheni na kibao mapajani. Rupa alikuwa bado ana pumzi za kutosha siku hizo, akamwambia kwa Kiswahili, "Wewe umemchongea mtu kibao akaacha kazi. Usinichongee mimi."

"Atakuja mwingine."

"Atakuja. Shaba unayo?"

Akaja mwingine, na Chaman akachonga cha pili. Mwaka ule nchi ilikula mawaziri wakuu watatu kama mtu anayekula njugu, na wa kibao cha pili alikaa wiki saba. Alikuwa na nia njema, Lorraine alisema, faili lilikuwa mezani kwake siku aliyobeba sanduku lake. Cha tatu kilichukua muda. Waziri yule alidumu karibu mwaka, na kila alipokaribia kusaini kulitokea jambo: mara wabunge wa chama chake wamemgeuka bosi wao, mara kura ya usiku, mara kashfa ya fulani na simu yake. Siku ya sahihi ilipopangwa hatimaye, saa nne asubuhi, baraza likabadilishwa saa tatu, akahamishiwa wizara ya magereza. Cha nne Chaman alikichonga majira ya kuchipua ya mwaka wa ishirini na nne. Sahihi ilikuwa Ijumaa. Jumatano wakatangaza uchaguzi, tena mvua ikinyesha.

Mnajua ule msemo wa fahali wawili wanaopigana na nyasi zinazoumia. Hawa hawakuwa wawili, lilikuwa zizi zima. Na wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta, lakini wahenga hawakufika London. Hapa ufa haukuzibwa na ukuta haukujengwa, na kila aliyeingia alianza kwa kuuliza faili liko wapi. Serikali mpya ilisema ukuta ni wazo zuri sana, na kwamba mawazo yote mazuri yatapitiwa upya. Yalikuwa bado yanapitiwa upya maji yalipoingia mara ya pili, mwezi wa tisa mwaka huohuo.

Sasa hapa nitasema kitu ili muelewe tatizo lilipo. Kufikia wakati huo Rupa hawezi tena kupanda ngazi. Kitanda chao kimeteremshwa sebuleni, chini, na kando ya kitanda ipo mashine ya hewa inayonguruma mchana na usiku, na bomba lake la plastiki linaingia puani mwake. Mashine hiyo inakula umeme. Maji yakiingia sebuleni umeme unakatika. Umeme ukikatika kuna mtungi wa akiba, na mtungi unatosha saa nne.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka huu, Februari, saa sita za mchana. Umeme ulikatika maji yakiwa bado chini ya godoro. Chaman ana miaka sabini na sita, hawezi kumbeba mtu. Alimfungia mtungi, akamketisha juu ya meza ya kazi, ile ya kuchongea, akasimama ndani ya maji akimshikilia asianguke. Gari la wagonjwa halikuweza kupita kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa imegeuka kijito. Mwishowe wazima moto walikuja na mtumbwi wa mpira. Kijana aliyemnyanyua Rupa alitazama kipimo cha mtungi, akamtazama Chaman, hakusema kitu. Ilikuwa imebaki robo saa.

Daktari ndiye aliyesema. "Mzee Mistri, nyumba hii itamuua. Mtoe kabla majira ya baridi hayajaanza."

Kumtoa kumpeleka wapi? Watu wanadhani mwenye nyumba London ni tajiri. Mwenye nyumba ambayo haiuziki ni mfungwa anayejilipia gereza. Wanunuzi watatu walikuja na kuipenda, na wote watatu benki zao zilitazama ramani ya mafuriko zikasema hapana, rudini ukuta ukishasainiwa. Halmashauri nayo ilisema haiwezi kumpa makao mtu mwenye nyumba yake. Bhavini anaishi ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Ndipo mwezi wa tisa Bhavini akapata huko Leicester, mtaa wa pili kutoka kwake, nyumba ya chini isiyo na ngazi hata moja, kavu, yenye dirisha kubwa. Mwenye nyumba hiyo alikubali kuwapangisha wazee kwa sharti moja: wamjibu kabla ya Jumatatu. Na wao wangeweza kumjibu ndiyo iwapo tu wangepata mpangaji wa nyumba ya Neasden, kodi yake ilipe ile ya Leicester. Mpangaji hana benki ya kutazama ramani. Mpangaji huuliza mwenye nyumba.

Bhavini akaweka tangazo mtandaoni. Ijumaa simu ikalia. Alikuwa kijana, anaongea Kiingereza cha haraka chenye Kifaransa ndani yake, anauliza vyumba vingapi, basi lipi. Chaman alimjibu taratibu, maana Rupa alikuwa amesinzia. Kijana akaiweka simu pembeni akamwambia mtu aliye karibu naye, "Huyu muzee anaongea polepole, pengine ni mugonjwa."

"Mimi si mgonjwa, mwanangu," Chaman akasema kwa Kiswahili. "Mgonjwa ni mke wangu."

Upande wa pili wa simu wote wawili wakaangua kicheko. Kijana alijitaja anaitwa Fortunat, mkewe Raïssa, wanatokea Uvira, na hawakuwahi kufikiri watamsikia Mhindi wa London anaongea namna hiyo. Walikuwa wakiishi chumba kimoja Lewisham, jiko wanachangia na familia tatu, na kazi ya Fortunat iko ghalani Hayes, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. "Kesho tunakuja, Papa," akasema. "Hata leo tungekuja." Chaman alipokata simu alikuwa anatabasamu, na Rupa alikuwa macho, anamtazama.

"Watakuja?"

"Kesho saa tano."

"Wana mtoto?"

"Sikuuliza."

Rupa akasikiliza mashine yake. "Wakiuliza habari ya maji?"

"Kwa nini waulize? Watu huuliza kama jua linaingia."

Asubuhi Chaman alifungua madirisha yote, akachoma ubani, akasogeza kabati mbele ya ile sehemu ya ukuta ambayo rangi haikuwa imekubali. Mfupa wa bega ulimuuma kwa kulisukuma. Rupa alikuwa amejifunga sari ya kijani, ile ya wageni, na amepaka wanja. Alimtazama akisukuma kabati wala hakumwuliza analisogeza kwa nini.

Walifika saa tano kasoro. Fortunat alikuwa mrefu, amevaa shati lililopigwa pasi, na kila chumba alichoingizwa alisema "iko muzuri" kabla hajamaliza kukiona. Raïssa alikuwa mdogo wa umbo, kimya, na mgongoni amembeba kwa kitenge mtoto wa kike wa miezi saba. Alimsalimu Rupa kwa kupiga goti kidogo, akamwita Mama, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuogopa mashine. Anafanya kazi ya kutunza wazee, mashine hizo anazijua. Alimteremsha mtoto, na mtoto akakishika kidole cha Rupa akataka kukila. Rupa akacheka. Chaman alikuwa hajamsikia mkewe akicheka tangu Februari.

Akamchukua Fortunat chumba cha nyuma, kwenye karakana. Vibao vilikuwa rafuni. Vitatu alikuwa ameviinamisha, lakini cha nne kilikuwa kimesimama, kwa sababu ndicho kilichomtoka vizuri kuliko vyote na mchonga huona tabu kukigeuza ukutani kilichomtoka vizuri. Fortunat akakisogelea, akasoma kwa sauti, neno kwa neno: ukuta wa kuzuia mafuriko, umefunguliwa rasmi, Mheshimiwa, Waziri, tarehe.

"Papa, hii ukuta ni ya huku nyuma?"

"Ni ya huku nyuma," Chaman akasema.

Huo haukuwa uongo. Ukuta kweli ulikuwa wa huko nyuma. Angalia jinsi mtu anavyoteleza: hatua ya kwanza hata haiitwi kuteleza. Fortunat alipitisha kidole kwenye herufi, akatikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe serikali ya huku inajenga. Kwetu wanakujaka na maneno tu." Chaman akaona uso wa kijana umetulia, uso wa mtu aliyeacha kutafuta. Tarehe iliyo kwenye shaba ilikuwa ya mwezi wa kwanza mwaka huu. Siku hiyo kijito kilipita mahali palepale kilipopita siku zote. Akafikiria dirisha kubwa la Leicester. Akajiambia kwamba waziri wa sasa huenda akasaini kweli, kwamba vijana hawa wana miguu, watalala juu, kwamba mtu hawezi kubeba dunia nzima. Mambo yote aliyojiambia yalikuwa na busara. Na alihisi joto usoni kwa sababu aliyatambua: ni maneno yaleyale ambayo wizara ilikuwa ikimwandikia kwa miaka minne.

"Mkataba tunaweza kuandika leo?" Fortunat akauliza.

"Leo," Chaman akasema.

Waliporudi sebuleni, Raïssa hakuwa tena kitandani. Alikuwa amesimama kando ya kabati, amemweka mtoto begani, na mkono wake mmoja umeingia nyuma ya kabati, kiganja kimeulalia ukuta. Aliutoa mkono akaunusa.

"Raïssa, kuko ukuta," mumewe akamwambia kwa furaha. "Ya serikali. Nimesoma kwenye shaba, waziri mwenyewe alikuja."

"Sisi tunatoka Uvira," Raïssa alisema, na alikuwa anamwambia Rupa, si wanaume. "Mwaka ile mto Mulongwe ilitoka ndani ya kitanda yake, mama yangu alikuwa ndani ya nyumba. Mto ilibeba nyumba na yeye. Harufu hii naijua, Mama." Akajifuta kiganja kwenye kitenge. "Niambie wewe. Maji inaingiaka humu?"

Chaman alikuwa mlangoni. Alimwona mkewe akiinua macho. Aliona kifua chake kikipanda, akivuta ile pumzi ndefu anayolazimika kuivuta kabla ya kusema sentensi nzima, na midomo yake ikifunguka. Miaka hamsini na miwili ya ndoa, hajamsikia Rupa akisema uongo hata kwa mgeni asiyetakiwa. Akaona kwamba yeye ndiye aliyemfikisha hapo, aliyemlaza mwanamke huyo chini ya swali hilo. Hakuweza kuvumilia.

"Yanaingia," akasema. "Yameingia mara tatu. Mara ya mwisho yalifika hapa." Akaonyesha paja lake. "Ukuta hakuna. Kile kibao nilikichonga mimi kabla ya wakati. Waziri hakuja. Hakuna aliyekuja."

Fortunat aligeuka akamtazama polepole. Hakupaza sauti. "Papa," akasema, "lakini nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema leo."

"Nilisema. Nisamehe, mwanangu."

Kijana alikuwa na haki ya kukasirika na alikasirika, lakini alilelewa vizuri. Akaangalia chini, akasema asubuhi hiyo wamepanda treni mbili na basi, mtoto hajalala. Ndipo akasema neno ambalo Chaman hakulitegemea. Alimwambia mkewe kwamba hata hivyo wangeweza kulala juu. Vitu wangeviweka juu. Kule Lewisham mtoto anakohoa usiku kucha, mlango wa choo haufungi, na maji ya magoti si ya kubeba nyumba. Alikuwa anaomba. Raïssa alimsikiliza hadi mwisho, akimfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo la kitenge mara mbili.

"Maji sitaifuata tena," akasema. "Nilivuka bahari ngapi kwa kuikimbia?"

Akaja kwa Rupa, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akamwombea kimoyomoyo, midomo ikitembea. Wakaondoka. Chaman aliwasindikiza mpaka nje akawaonyesha kituo, ingawa walikuwa wametoka hukohuko. Alisimama akawatazama wakipanda mlima, Fortunat mbele na mikono mfukoni, Raïssa nyuma, kichwa cha mtoto kikichezacheza. Juu ya paa za nyumba mawingu yalikuwa yameshaanza kushuka. Redioni walikuwa wamesema mvua itaanza Jumapili na itakaa. Baada ya habari hiyo fupi walirudi kwenye habari yenyewe, wabunge wanaotaka kumwondoa Waziri Mkuu, wakaichambua kwa dakika arobaini.

Alipoingia ndani, Rupa alikuwa amejilaza akitazama dari. Wanja ulikuwa umechuruzika kidogo. Chaman aliketi pale alipoketi Raïssa. Alingoja kusifiwa, nisiseme uongo, mtu akitenda haki hungoja neno. Neno halikuja.

"Umekasirika," akasema.

"Ungechelewa kidogo," Rupa akasema kwa Kiswahili, akisimama kila baada ya maneno mawili kupata hewa. "Kidogo tu. Ningemwambia hayaingii."

"Wewe? Usingeweza."

"Baba Bhavini. Neno lilikuwa limeshafika hapa." Akagusa koo, chini ya bomba. "Mtoto alikuwa ameshika kidole changu. Nilimwona anavyokishika. Nikajua wazazi wake watamlaza katika nyumba hii, na mimi nitakuwa Leicester, dirishani. Nilijua yote hayo. Na bado nilikuwa nasema hayaingii."

Mashine iliendelea kunguruma. Nje matone machache yaligonga kioo, ya mapema, kisha yakaacha.

"Sasa unanilaumu au unanishukuru?" akauliza mwishowe.

Rupa akafikiri kwa muda mrefu, na Chaman aliogopa, kwa sababu mkewe hakuwa mtu wa kufikiri sana kabla ya kumlaumu.

"Sijui," akasema. "Miaka yote nilijua mimi ni mtu wa namna gani. Leo nimejiona. Wametungojesha mpaka nimekuwa hivi." Akageuza uso upande wa ukuta. "Mpigie Bhavini. Mwambie ile nyumba wampe mtu mwingine."

Chaman akaichukua simu. Ililia mara moja tu, Bhavini alikuwa ameishika mkononi tangu asubuhi, na kabla baba yake hajasema kitu akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtoto aliyeahidiwa kitu, yeye na mama wanakuja lini.